Mtoto ajue sauti kabla ya jina la herufi

Mtoto wa PP2 anayeimba "ei, bi, si" kutoka mwanzo hadi mwisho huwafurahisha wazazi wake. Hata hivyo, akionyeshwa neno "mama" na kuambiwa alisome, huenda akataja "em, ei, em, ei" kisha akanyamaza. Majina hayo manne hayatoi "mama" hata yakitamkwa haraka namna gani. Mtoto hulazimika kulikariri neno zima kama picha, na maneno yanapozidi, hukwama.

Elimu ya awali, yaani PP1 na PP2, iko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Miaka hii miwili, mtoto akiwa na umri wa miaka 4 hadi 5, ndiyo huweka msingi wa kusoma. Kufikia Gredi ya 4, mtoto anatarajiwa kusoma mwenyewe ili aelewe Hisabati, Sayansi na masomo mengine. Asiyeweza kusoma wakati huo hubaki nyuma katika yote, wala si kwa sababu hana akili.

Herufi nane zinatosha kuanza

Kiswahili humrahisishia mtoto kazi. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti ile ile katika kila neno. Kwa Kiingereza, herufi "a" hutamkwa kwa namna tatu katika "cat", "cake" na "call". Mtoto aliyezoea kuunganisha sauti kwa Kiswahili huingia kwenye Kiingereza akiwa tayari anajua kwamba herufi ni alama ya sauti.

Mwalimu au mzazi anaweza kuanza na irabu hizo tano na konsonanti tatu tu: m, k na t. Sauti ya "m" ni "mmm", midomo ikiwa imefungwa. Sauti za "k" na "t" hukatwa kwa ufupi, bila kuongezewa irabu. Mtoto akifundishwa kwamba "k" ni "ku", atasoma "ka" kama "kua".

Baada ya sauti huja silabi: ma, me, mi, mo, mu, kisha ka, ke, ki, ko, ku, kisha ta, te, ti, to, tu. Silabi zikiunganishwa, mtoto anasoma mama, moto, kuku, kiti, koti na keki. Irabu ikisimama peke yake, anasoma taa na kioo. Kwa herufi hizo nane, anaweza hata kusoma sentensi kamili: Mama amekata keki.

Konsonanti nyingine huongezwa chache chache. Zile zinazoandikwa kwa herufi mbili, kama ch, sh, ny, th, dh na gh, hufuata baadaye, na kila moja hufundishwa kama sauti moja. Mtoto aonyeshwe pia tofauti ya "ng" katika ngoma na "ng'" katika ng'ombe.

Makofi husaidia tahajia

Kabla ya kuandika neno, mtoto alitamke polepole akipiga kofi moja kwa kila silabi, kisha aandike silabi moja baada ya nyingine. Neno "mbuzi" lina makofi mawili: mbu-zi. Neno "mtoto" lina matatu: m-to-to, kwa kuwa "m" hapo ni silabi kamili. Mtoto anayeandika "mutoto" hujirekebisha kwa urahisi akionyeshwa kwamba "m" hiyo haina irabu.

Makosa mengine hutokana na lugha ya nyumbani. Kwa mtoto asiyetofautisha "l" na "r", kalamu na karamu ni neno moja. Asiyetofautisha "s" na "sh" huchanganya saba na shaba. Hana haja ya kuchekwa wala kuchapwa. Asikilizishwe maneno yote mawili, ayatamke, kisha ndipo ayaandike.

Dakika kumi nyumbani

Mzazi hahitaji kununua vifaa. Herufi zinaweza kuandikwa kwenye vifuniko vya soda au vipande vya katoni, na mtoto akazipanga kuunda maneno. Akishajua sauti nyingi, asome maandishi yaliyo kwenye pakiti za unga, chumvi na sukari.

Mlezi asiyejua kusoma pia ana nafasi yake. Nyanya anaweza kumuuliza mtoto ataje vitu vilivyomo jikoni vinavyoanza na "mmm", au avigawe vina vya jina lake kwa makofi. Sikio likishazoea kutenganisha sauti, kuzilinganisha na herufi huwa kazi nyepesi.

Jinsi ya kujua kama anasoma kweli

Baadhi ya watoto hukariri kitabu kizima na kufungua kurasa kana kwamba wanasoma. Ili kuhakikisha, mzazi afunike picha na kuonyesha neno lililo katikati ya ukurasa. Njia nyingine ni kumwandikia neno lisilo na maana, kama "tamiko" au "kemoti". Mtoto anayejua sauti atalisoma. Aliyekariri atakisia.

Akishindwa, arudishwe kwenye silabi alizokosa, bila kuanzishwa upya kutoka "a". Iwapo haonyeshi kusikia sauti vizuri au anasogeza kitabu karibu sana na uso, apelekwe kituo cha afya akapimwe masikio na macho.

Wazazi wanahimizwa kumuuliza mwalimu wa chekechea ni sauti zipi zinazofundishwa wiki hiyo, ili mtoto asikie jambo moja shuleni na nyumbani. Majina ya herufi atayajifunza pia, na hayatamchukua muda mrefu baada ya kujua sauti zake.