Hesabu ya Ng'ombe na Hesabu ya Msamaha
Somo: Mat. 18, 21-35

Sisi tukaao Tarime na Serengeti twajua sana kuhesabu ng'ombe. Kwa ng'ombe mahari hutolewa, na ndoa ikivunjika wazee huketi tena kuwadai. Desturi hii yaweza kuunganisha jamaa mbili kwa heshima. Lakini hesabu ya zizini ikiingia nyumbani, furaha hutoka. Mume akikasirika husema, "Ng'ombe zangu wamo katika zizi la baba yako." Mke naye huweka moyoni kila neno kali, apate kulipiza siku yake. Hivyo wawili waliobarikiwa kanisani hukaa kama mdai na mdaiwa.

Petro alitaka kujua mpaka wa msamaha. Bwana Yesu akamweleza habari ya mtumwa aliyewiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ni ujira wa kibarua kwa siku moja. Deni lile lilikuwa kazi ya siku 60,000,000. Hata wajukuu wake wasingaliweza kulimaliza. Akasamehewa lote, kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100.

Wapendwa, mtumwa yule ni sisi. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, afundisha katika ombi la tano ya kuwa twakosa kila siku, nasi twaishi kwa neema tu. Kwa hiyo imetupasa kuwasamehe wanaotukosa. Tena ng'ombe hawakumnunua mke. Kristo ndiye aliyenunua, naye alilipa damu yake kwa ajili ya mume na mke sawasawa.

Lakini tusikosee: kusamehe si kuiruhusu fimbo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yakataza mume au mke kumpiga mwenziwe. Basi mwinjilisti asimwambie mke aliyepigwa, "Vumilia tu." Kwanza apate mahali pa salama, na mume aungame kosa lake, aache.

Nyumba yenye furaha nayo hukosana. Ila kosa la jana haliamki nayo asubuhi. Baba, leo kabla ya kulala uanze wewe: "Nimekosa, mama, unisamehe."

Maswali ya kujifunza:
1. Mtumwa yule alisahau nini?
2. Ni deni gani tunalolihesabu bado nyumbani mwetu?