Somo la Nyanya: Kitalu na Kupandikiza

Ndugu mkulima wa Kasongo na Kabambare, fikiri juu ya watu wanaochimba dhahabu, kama kule Namoya. Mchimbaji hana nafasi ya kulima, lakini jioni chungu chake chataka nyanya. Basi shimo lake ni soko lako. Lakini wengi hupanda, wala hawavuni, kwa sababu huiua miche siku ile ile ya kuihamisha.

1. Mbegu. Chagua mnyanya wenye nguvu, usio na ugonjwa. Acha matunda yake yaive sana. Kamua mbegu pamoja na maji yake katika chombo, uziache siku 2 mpaka utelezi utoke. Zioshe, uzianike kivulini.

2. Kitalu. Katika mwezi wa 5, mvua inapokaribia kwisha, fanya tuta karibu na maji. Upana wake uwe meta 1, ili mkono ufike katikati bila kulikanyaga. Changanya udongo na mavi ya mbuzi yaliyooza. Chora mistari, sentimeta 10 toka mmoja hata mwingine, ufukie mbegu sentimeta 1. Usizisonge: miche iliyosongamana huwa myembamba kama mtoto asiyeshiba. Tandaza nyasi, unyunyize maji. Mbegu zikiota, ondoa nyasi, ujenge kivuli cha makuti.

3. Kuzoesha. Baada ya majuma 3, punguza kivuli na maji kidogo kidogo kwa siku 7. Mche uliozoea jua hauogopi shamba.

4. Kupandikiza. Mche ukiwa na majani 5 au 6, ngoja jioni, maana jua la mchana litaukausha kabla mizizi haijashika. Nywesha kitalu kwanza. Usiuvute mche kwa shingo! Mizizi midogo, ndiyo inywayo maji, itakatika na kubaki udongoni. Uchimbue pamoja na udongo wake. Acha sentimeta 50 kati ya miche, na 80 kati ya mistari. Fukia shina mpaka karibu na majani ya kwanza, kwani shina la mnyanya huota mizizi. Bonyeza udongo, nywesha, uufunike kwa jani la mgomba siku 3 wakati wa jua. Kisha simika kijiti cha kuutegemeza.

5. Onyo. Mnyanya ukinyauka ghafula na majani yangali mabichi, ung'oe, uuchome mbali na maji. Ugonjwa huo hukaa udongoni. Mahali pale usipande nyanya, tumbako, pilipili wala bilinganya. Panda mahindi miaka 3 au zaidi.

Katika mwezi wa 8 au wa 9 utavuna. Za kupeleka mbali zichume zinapoanza wekundu, zisipondeke njiani. Hizo ndizo feza za masomo ya watoto wako.

Maswali:
Kwa nini twapandikiza jioni?
Nini hupotea tukiuvuta mche?
Kwa nini twafukia shina?