Giaboksi ya Pili Katika Trekta Kuukuu

Mkulima mmoja wa Poli, chini ya mlima Meru, alitaka kununua trekta kuukuu. Mwenye kuliuza alimwambia, "Hili ni Massey Ferguson 135, nalo lina gia 12 za kwenda mbele." Mkulima akafurahi sana, maana alikuwa na shamba la mahindi huko tambarare na kihamba cha migomba huku juu mteremkoni, naye alidhani kwamba gia nyingi ni nguvu nyingi. Lakini kabla ya kutoa fedha alimwita fundi mmoja mzee wa Usa River aje alitazame. Fundi hakuuliza bei. Aliuliza, "Hizo 12 zimepatikanaje?"

Wengi husikia hesabu ya gia wasiulize neno hilo. Basi na tulichunguze.

Injini ya trekta hufanya kazi vizuri ikizunguka kwa mwendo wake uliopimwa, wala haipendi kupunguzwa sana. Magurudumu nayo hutakiwa kwenda polepole wakati wa kulima, na upesi kidogo njiani. Giaboksi hukaa katikati na kupatanisha mambo hayo mawili. Hapo kale gia zilikuwa chache. Ford 9N, lililoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1939, lilikuwa na gia 3 za mbele na moja ya nyuma. Ford 8N, la mwaka 1947 hadi 1952, lilikuwa na gia 4. Ferguson TE20, lile dogo la rangi ya kijivu lililotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hadi 1956, na ambalo lililetwa Afrika Mashariki pia, lilikuwa na gia 4 vilevile.

Gia 4 zaonekana kutosha mpaka siku ya kulima. Hapo dereva huona ya kwamba gia hii yakokota jembe polepole mno, na ile inayofuata yaielemea injini hata ikataka kuzimika. Pengo lile katikati halina dawa. Kwa sababu hiyo watu wa viwanda walianza kuuza giaboksi ndogo ya kuongeza, ambayo mwenye trekta angeweza kuitia mwenyewe baada ya kununua trekta lake. Iliyojulikana kupita nyingine zote kwa matrekta ya Ford ni ile ya Sherman, iliyotoka jimbo la Michigan, Marekani. (Mwanafunzi aliyesikia habari za mpango wa karanga wa Kongwa, na jinsi vifaru vya vita viitwavyo Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta ya kung'oa miti, asichanganye. Jina ni moja, vitu ni mbalimbali.)

Sherman zilikuwa za namna tatu. Ya kwanza yaongeza mwendo. Ya pili yapunguza mwendo. Na ya tatu yaweza yote mawili, ina chini, kati na juu. Kazi yake ni kama kuzidisha katika hesabu. Trekta lenye gia 4, likitiwa giaboksi yenye mahali pawili, lapata gia 8 za mbele na 2 za nyuma. Likitiwa ile yenye mahali patatu, lapata 12 za mbele na 3 za nyuma.

Mtu aitambueje, na chombo chenyewe kimefichwa ndani ya chuma? Asitegemee namba ya trekta. Katika 8N namba hupigwa ubavuni mwa injini, upande wa kushoto, nayo yaeleza trekta lilivyotoka kiwandani tu; giaboksi ya kuongeza ilitiwa baadaye. Na atafute kijiti kilichozidi, kisicho kile cha gia za kawaida. Akikipata, asikimbilie kusema, maana huenda ni kijiti cha kufungia mhimili wa nyuma, ule uzungushao mashine. Injini ikiwa imezimwa, na akisogeze, ahesabu mahali kinaposimama. Kikisimama mahali patatu, basi ni ile ya namna ya tatu. Kikisimama pawili, bado hajajua kama ni ya kuongeza au ya kupunguza. Hapo na asimike vijiti viwili vya mti katika uwanja tambarare, aendeshe trekta toka kijiti hata kijiti kwa gia ile ile na mwendo ule ule wa injini, kwanza kijiti cha kuongeza kikiwa mahali pake pa kawaida, kisha mahali pa pili. Saa ya mkononi itamwambia.

Tena kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Giaboksi ya Sherman hukaa kati ya klachi na giaboksi kubwa. Basi kila kitu kilicho nyuma yake hubadilika pamoja nayo, hata ule mhimili wa nyuma. Tuseme mtu amefunga mashine ya kupukuchua mahindi, iliyopimwa kwa mwendo wa mizunguko 540 kwa dakika, naye hajui ya kuwa kijiti kiko mahali pa kuongeza. Mashine itazunguka kupita kipimo chake, na walio karibu wamo hatarini. Haifai kufunga mashine yo yote kabla ya kujua jambo hili. Zilikuwako pia giaboksi za kupunguza mwendo kwa Ferguson, kama ile ya Howard ya Uingereza, ambayo shabaha yake ilikuwa trekta litambae polepole kabisa majembe ya kuzunguka yakichimba nyuma yake.

Sasa turudi Poli. Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, halikuhitaji Sherman. Kama ndugu yake mkubwa, Massey Ferguson 35, lilitoka kiwandani na gia 3 za mbele na moja ya nyuma katika giaboksi kubwa, na nyuma yake seti nyingine ya meno yenye juu na chini. Tatu mara mbili ni 6. (Mengine ya baadaye yana gia 8.) Fundi alipohesabu akapata 6. "Sita nyingine ziko wapi?" akauliza. Mwenye kuuza akaonyesha kijiti kidogo kwenye dashibodi, chenye mahali pawili. Fundi akatikisa kichwa, akasema, "Hii ni Multi-Power."

Multi-Power ilianza kutolewa mwaka 1962. Nayo yazidisha kwa mbili, hata 6 zikawa 12 za mbele na 4 za nyuma. Lakini yatofautiana sana na Sherman. Dereva hakanyagi klachi. Husogeza kijiti tu, trekta likiendelea kwenda, na mhimili wa nyuma haubadiliki mwendo. Ndani, mahali pa juu hushikwa na klachi ndogo inayobanwa kwa nguvu ya mafuta yasukumwayo na pampu. Mahali pa chini hushikwa na kifaa kama kile cha gurudumu la nyuma la baiskeli. Mpanda baiskeli akikanyaga, gurudumu lavutwa; akiacha kukanyaga, gurudumu laendelea kuzunguka peke yake, na miguu imetulia.

Hapo ndipo uso wa mkulima ulipobadilika, kwa kuwa yeye alijua njia za Meru. Mlima ule una zaidi ya meta 4,500 kwenda juu, na barabara zitokazo Nkoaranga na vijiji vya juu hushuka kwa ukali mpaka barabara kuu ya Arusha na Moshi. Siku ya soko la Tengeru, tela hujaa mikungu ya ndizi na watu juu yake. Kila dereva amefundishwa kwamba mteremkoni hutiwa gia ndogo ili injini ishike gari. Akikitia kijiti cha Multi-Power chini, akidhani afanya hivyo hivyo, injini haishiki kitu. Magurudumu yamekuwa kama ya baiskeli, na mzigo wote umeachiwa breki. Hata kijiti kikiwa juu, injini ikizimika nguvu ya mafuta hupotea, na trekta huachiliwa vilevile.

Fundi akataka ijulikane hakika, maana mara nyingine mafundi huifunga Multi-Power iliyochakaa isifanye kazi tena, na kijiti hubaki kama pambo. Akapeleka trekta mahali penye mteremko mdogo unaoishia tambarare, bila tela. Akalizima, akatia gia ya mbele, akalegeza breki polepole. Trekta la kawaida lingesimama, kwa kuwa magurudumu yangelazimika kuizungusha injini. Hili likateleza mbele taratibu, pasipo sauti, mpaka alipokanyaga breki. "Bado inafanya kazi," akasema. "Na tena, mwanangu, betri ikifa usilisukume wala usilivute liwake. Halitawaka."

Mkulima akauliza, "Basi, mzee, nisilinunue?"

"Linunue. Tambarare ni trekta jema sana. Lakini kwanza breki zitengenezwe, na bei ya kutengeneza itolewe katika bei yake."

Ikawa hivyo. Siku ya kwanza ya kulipeleka Poli, fundi mwenyewe alikaa kando ya dereva. Juu ya kila mteremko walisimama, wakakiweka kijiti kidogo juu na gia kubwa katika namba ya kwanza, kisha wakashuka. Walipofika nyumbani, dereva alivuta breki ya mkono, akashuka chini, akatafuta mawe mawili makubwa ya kuweka mbele ya magurudumu kabla ya kuizima injini.