Uzito wa Kikoi kwa Msimu wa Kusi

Somo hili limekusudiwa kumsaidia mnunuzi wa Mahurunga na vijiji vingine vya pwani ya Mtwara kuchagua kikoi kitakachomfaa wakati wa kusi, na kutambua kikoi chepesi kinachouzwa kwa bei ya kizito.

Kusi huvuma katikati ya mwaka. Kati ya Juni na Agosti, majira ya kipupwe, alfajiri huwa na ubaridi unaowasumbua zaidi wazee, watoto na wavuvi. Fedha za korosho, hata hivyo, huanza kupatikana Oktoba, joto likiwa limerejea. Anayenunua nguo wakati huo huvutiwa kwa urahisi na rangi, akasahau upepo utakaomkuta miezi minane baadaye.

Kazi ya uzito

Mwili hupasha joto hewa iliyo kati ya ngozi na nguo. Upepo ukipenya, huiondoa hewa hiyo, na mvaaji huhisi baridi. Kitambaa kizito hutulia mwilini na pindo lake halipeperuki ovyo. Lakini uzito peke yake hautoshi: nyuzi nene zilizofumwa kwa kuachana hupitisha upepo kama wavu. Kinachohitajika ni uzito pamoja na ufumaji ulioshikamana.

Wanaume wa Uskoti, nchi yenye baridi na upepo mwingi, huvaa kilti, vazi la sufu lenye marinda lifungwalo kiunoni. Kitambaa chake huuzwa kwa kutajwa uzito: wakia 10 au 11 kwa yadi ni chepesi, 13 ni cha wastani, na 16, yaani karibu gramu 450, ni kizito. Kikoi chetu kwa kawaida huuzwa kwa kutazamwa na kushikwa tu. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kukipima mwenyewe.

Namna ya kupima

1. Pima urefu na upana kwa utepe wa fundi cherehani, kisha zidisha. Kikoi chenye urefu wa mita 1.7 na upana wa mita 1 kina eneo la mita za mraba 1.7.

2. Kiweke kwenye mizani yenye alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Kikiwa na gramu 340, gawanya kwa 1.7, utapata gramu 200 kwa kila mita ya mraba. Kwa kikoi cha pamba, tunashauri gramu 200 au zaidi kwa msimu wa kusi. Kilicho chini ya gramu 150 kinafaa siku za joto.

3. Kiinue kuelekea mwanga. Ukiona matundu mengi kati ya nyuzi, upepo nao utapita.

4. Kisugue kwa nguvu kati ya vidole. Kikitoa unga mweupe na kuanza kulegea, kimetiwa wanga mwingi. Wanga huongeza uzito na ugumu dukani, lakini huondoka katika ufuaji wa kwanza, na fedha yako huondoka pamoja nao.

Kuchagua kwa mujibu wa kazi

Kwa kukaa barazani, kwenda msikitini au kulinda shamba usiku, kikoi kizito ndicho kifaacho. Kiwe kipana cha kutosha kuzunguka kiuno karibu mara mbili, maana tabaka mbili huhifadhi hewa ya joto.

Kwa mvuvi au mtu avukaye Mto Ruvuma kwa mtumbwi, shauri letu ni tofauti. Pamba nzito ikilowa hunyonya maji mengi, huchelewa kukauka, huupoza mwili na kuielemea miguu. Akianguka majini, inaweza kumzuia kuogelea. Avae nguo nyepesi chomboni, na kikoi kizito akiweke katika ndoo yenye mfuniko hadi atakapofika nchi kavu.

Asiyeweza kununua kikoi kizito asikate tamaa. Kanga mbili za doti moja, zikivaliwa moja juu ya nyingine, hukinga baridi kuliko moja peke yake. Vitambaa vya poliesta hukauka upesi, lakini visivaliwe karibu na jiko la kuni, kwani huyeyuka vikishika moto na kuganda kwenye ngozi.

Haki ya mnunuzi

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Muulize muuzaji kama kitambaa ni pamba tupu au kimechanganywa, na umwombe aandike jibu lake kwenye risiti. Kikoi kikibadilika baada ya kufuliwa, mrudie kwanza muuzaji ukiwa na risiti hiyo. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani. Mlaji mwenye vipimo na risiti mkononi hutetea haki yake kwa urahisi kuliko mwenye maneno matupu.