Pete Mbili Zinazoshikana

Huko Ujerumani, miaka ya 1500 na 1600, mafundi walitengeneza kwa mkono pete iitwayo gimmel, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya pacha. Ni pete mbili nyembamba zilizounganishwa. Baadhi zina kiganja kila upande, na ukizifunga viganja vinashikana. Hivyo ndivyo walivyoonyesha ahadi ya watu wawili.

Kwetu wachumba wangapi wanaahirisha harusi mwaka baada ya mwaka, ati dhahabu ni ghali? Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1057, inasema ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili hao. Dhahabu haikutajwa.

Kabla ya mkutano ujao, muulizeni fundi wenu: pete mbili za shaba, pesa ngapi?