SOMO KWA MAKATIBU: SIMU YA CHAMA ISIKOSE MPOKEAJI

Mwanachama anayepiga simu ofisini kuuliza siku ya kupima mazao, asijibiwe, aweza kusafirisha mzigo wake bure au kumwuzia mlanguzi. Kwa hiyo kupanga mapokezi ya simu ni wajibu wa katibu kama ulivyo utunzaji wa leja.

Simu hukosa kupokelewa kwa sababu tatu: haijibiwi, ina mazungumzo mengine, au imezimwa. Kila sababu ina amri yake ya kuihamishia simu kwa mpokeaji wa pili. Katika mitandao ya GSM, isiyojibiwa hutumia **61*, yenye mazungumzo **67*, na isiyopatikana **62*. Hufuata namba ya mpokeaji, kisha alama ya #, na kubonyeza kitufe cha kupigia. Kukagua kama simu isiyojibiwa imehamishwa ni *#61#. Kufuta mipango yote ni ##002#. Mtandao ukikataa amri, katibu aulize kituo chake cha huduma.

Yafaa simu zisizojibiwa na zenye mazungumzo ziende kwa karani aliye zamu. Simu ikiwa imezimwa, iende kwenye kisanduku cha ujumbe wa sauti, endapo mtandao unacho. Salamu ya kisanduku itaje jina la chama na saa za kazi, imwombe mpigaji aache jina, kijiji na namba yake. Lakini kisanduku kisichosikilizwa ni sawa na barua isiyofunguliwa. Hivyo mtu mmoja akisikilize asubuhi na jioni, aandike daftarini kila ujumbe pamoja na jina la aliyeushughulikia.

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, kwa kawaida gharama ya simu iliyohamishwa hulipwa na mwenye kuihamisha. Kamati iikubali mapema. Pili, amri ya **21* huhamisha simu zote. Tapeli akimshawishi katibu kuipiga pamoja na namba ngeni, aweza kupokea simu za chama, hata zile za kuthibitisha akaunti. Amri ya namna hiyo isipigwe kwa maelekezo ya mtu asiyejulikana.

Mpango ukikamilika, ujaribiwe mara tatu kwa simu nyingine: ya katibu ikiachwa iite, ikiwa na mazungumzo, na ikiwa imezimwa.

Maswali ya kujadili:
1. Katibu akiwa safarini, nani hupokea simu za chama chenu?
2. Daftari la ujumbe hukaguliwa na nani?