Masharti ya Kuhitimu Shahada ya Sanaa kwa Mpango wa Mwanafunzi: Dhana, Istilahi na Hali ya Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanachunguza masharti ya kuhitimu shahada ya kwanza ya sanaa ambayo mpango wake wa kozi huandaliwa na mwanafunzi mwenyewe chini ya uangalizi wa wahadhiri. Sehemu ya kwanza inajadili tatizo la istilahi, kwa kuwa maneno yanayotumika kuitaja shahada hiyo kwa Kiswahili yanabeba maana zinazoweza kumpotosha msomaji. Sehemu ya pili inapambanua masharti manne ya msingi, yaani kiasi, ngazi, mshikamano na kipimo cha mwisho. Sehemu ya tatu inayapima masharti hayo katika mazingira ya Tanzania, kwa kutumia mfano wa mwanafunzi mfanyakazi anayeishi Chamazi, Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba uhuru wa kuchagua kozi haupunguzi masharti ya kuhitimu, bali huyahamisha kutoka mikononi mwa idara na kuyaweka mikononi mwa mwanafunzi.

1.0 Utangulizi

Utaratibu wa kawaida wa shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki unafahamika. Idara hupanga kozi za lazima na za hiari, seneti huidhinisha, na mwanafunzi hufuata. Maswali ya nini kisomwe, kwa mfuatano gani na kwa shabaha ipi huwa yamekwisha kujibiwa kabla mwanafunzi hajajisajili.

Upo utaratibu mwingine uliopata nguvu katika nchi za Magharibi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Nchini Uingereza, Chuo Kikuu Huria kilichopata hati yake mwaka 1969 kilianza kufundisha mwaka 1971, kikimruhusu mwanafunzi kujikusanyia krediti kutoka fani mbalimbali: sita kwa shahada ya kawaida na nane kwa shahada ya heshima. Nchini Marekani, Chuo cha Hampshire kilifunguliwa mwaka 1970 kwa utaratibu usiotumia alama za herufi, ambapo mwanafunzi alipitia madaraja matatu na kumalizia kwa mradi mkubwa aliouandaa mwenyewe. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha New York kilianzisha kitengo ambacho baadaye kilipewa jina la Gallatin, na ambamo kila mwanafunzi hubuni eneo lake la umahiri.

Katika Tanzania mjadala huu haujapewa uzito unaostahili. Jambo hili linashangaza, kwa kuwa nchi imekuwa na Chuo Kikuu Huria chake yenyewe tangu Bunge lilipopitisha Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, na idadi ya watu wazima wanaosoma huku wakifanya kazi si ndogo. Kabla ya kuyajadili masharti yenyewe, inafaa kwanza kuyachunguza maneno.

2.0 Tatizo la Istilahi

2.1 Sanaa, ungwana na huria

Neno sanaa limetoholewa kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni ufundi wa kutengeneza kitu. Katika Kiswahili cha leo, maana inayomjia msikilizaji wa kawaida ni uchoraji, uchongaji, muziki na maigizo. Kwa hiyo mzazi anapoambiwa kwamba mwanawe amepata Shahada ya Sanaa katika historia au isimu, si ajabu akauliza kijana amejifunza kuchora au kuimba. Sanaa zilizokusudiwa katika jina hilo ni zile saba za vyuo vya Ulaya ya Zama za Kati: sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jiometria, muziki na falaki. Ziliitwa kwa Kilatini artes liberales, yaani fani zinazomfaa mtu huru, tofauti na kazi za mikono zilizoachiwa watumwa na vibarua.

Kiswahili kina neno linalokaribiana sana na dhana hiyo, nalo ni ungwana. Katika miji ya pwani, mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, na baadaye neno likapanuka maana na kutaja mwenendo mwema na adabu. Katika karne ya 19 neno hilo lilisafiri na misafara hadi mashariki ya Kongo, ambako waliojinasibisha na utamaduni wa pwani waliitwa Wangwana na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Kwa kigezo cha historia ya maana, istilahi elimu ya ungwana ingekuwa tafsiri sahihi kabisa. Hata hivyo, usahihi huo ndio kasoro yake. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, na istilahi inayogawa elimu kwa misingi ya mwungwana na mtumwa haifai kurudishwa katika vyuo vya umma.

Neno huria nalo limekwisha kupata kazi nyingine. Katika soko huria linataja biashara isiyopangiwa bei na dola. Katika Chuo Kikuu Huria linataja chuo kilichoondoa vikwazo vya mahali na muda wa kusomea. Atakayesema sanaa huria ataeleweka kuwa anazungumzia sanaa zinazofundishwa na chuo huria, au sanaa zisizo na kanuni. Maana zote mbili si zilizokusudiwa. Kwa sababu hizo, neno fani, ambalo tayari hutumika kwa maana ya tawi la maarifa, linafaa zaidi pale ambapo ufafanuzi unahitajika, ingawa Shahada ya Sanaa itaendelea kuwa jina rasmi kwa kuwa limekwisha kuzoeleka.

2.2 Binafsi na kujipangia

Namna ya kueleza kwamba shahada imepangwa na mwanafunzi mmoja kwa ajili yake mwenyewe ni tatizo la pili. Shahada binafsi haifai, kwa sababu katika matumizi ya sasa chuo binafsi au shule binafsi ni ile isiyomilikiwa na serikali. Shahada ya kujipangia inavutia kimofolojia: kiambishi rejeshi ji- pamoja na kiambishi cha kutendea vinaonyesha kwamba mtenda na mtendewa ni mmoja. Lakini kimatumizi kitenzi hicho kina kivuli cha lawama. Mfanyabiashara anayejipangia bei au kiongozi anayejipangia posho ni mtu aliyekwepa mamlaka. Shahada yenye jina hilo ingeshukiwa kabla haijasomwa.

Makala haya yanapendekeza shahada ya mpango wa mwanafunzi. Nomino mpango inaashiria kitu kilichoandikwa, kinachoweza kukaguliwa na kuidhinishwa.

2.3 Kuhitimu

Kitenzi hitimu kina asili ya Kiarabu na kinahusiana na hitima, yaani kisomo cha kukamilisha Kurani. Neno chuo lenyewe, kabla ya kutumika kwa taasisi za kisasa, lilitaja mahali ambapo watoto walifundishwa Kurani. Mtoto wa chuoni alihitimu alipomaliza juzuu zote 30. Mwalimu alimsikiliza kila mtoto peke yake: mwepesi alitangulia na mzito alisubiriwa. Huo ulikuwa usomaji wa mtu mmoja mmoja kwa maana halisi, ila uhuru wake ulikuwa katika mwendo tu. Kilichosomwa hakikuwa na hiari.

Ulinganisho huu unasaidia kupambanua aina mbili za uhuru ambazo mara nyingi huchanganywa: uhuru wa mwendo na uhuru wa maudhui. Elimu masafa inayotolewa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hutoa zaidi uhuru wa kwanza. Mwanafunzi husoma akiwa kwake, lakini ndani ya programu iliyokwisha kuidhinishwa. Shahada ya mpango wa mwanafunzi inadai uhuru wa pili.

3.0 Masharti Manne

3.1 Kiasi

Sharti la kwanza ni wingi wa kazi. Kwa mujibu wa mfumo wa sifa unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, zikiwamo za mihadhara, za kujisomea na za mitihani. Jumla yake ni saa 3,600. Gallatin hudai krediti 128, lakini hesabu ya krediti za Marekani ni nyingine, kwa hiyo tarakimu hizo hazilinganishwi moja kwa moja.

3.2 Ngazi

Mwanafunzi anaweza kukusanya krediti 360 za kozi za utangulizi pekee na bado asiwe msomi wa jambo lolote. Ndiyo sababu shahada ya wazi ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ambayo nayo ilikuja kuhesabiwa kwa krediti 360, hugawanya krediti hizo katika hatua tatu za krediti 120 kila moja. Sharti la ngazi huzuia shahada kuwa pana bila kina. Aidha, huambatana na sharti la ufaulu: katika kipimo cha alama 5 kinachotumika Tanzania, mwanafunzi hahitimu kwa wastani ulio chini ya 2.0.

3.3 Mshikamano

Hili ndilo sharti gumu kuliko yote. Katika shahada ya kawaida mshikamano hudhaminiwa na idara: anayesoma sintaksia mwaka wa tatu amekwisha kusoma mofolojia. Katika shahada ya mpango wa mwanafunzi mdhamini huyo hayupo. Gallatin hujaza pengo hilo kwa kumtaka mwanafunzi, kabla ya kufika mbali, aandike maelezo ya safari yake ya kielimu pamoja na mpango wa eneo lake la umahiri. Andiko hilo husomwa na mshauri wake na hukubaliwa au hurudishwa.

Mshikamano unaweza kupimwa kwa maswali matatu. Je, kozi zote zinalisaidia swali moja linaloweza kutamkwa kwa sentensi moja? Je, kila kozi ya juu imetanguliwa na kozi inayoitegemeza? Je, ikiondolewa kozi moja, mpango unapungukiwa na kitu? Mpango ambao kozi yake yoyote inaweza kuondolewa bila hasara ni orodha tu.

3.4 Kipimo cha mwisho

Mitihani ya kozi moja moja haiwezi kupima uhusiano uliopo kati ya kozi hizo. Kwa hiyo huhitajika kipimo cha jumla. Hampshire ilitumia mradi wa mwaka wa mwisho. Gallatin hutumia mahojiano ya ana kwa ana baina ya mwanafunzi na jopo la wahadhiri, yakiongozwa na orodha ya vitabu ambayo mwanafunzi ameiandaa. Katika njia zote mbili mwanafunzi hutakiwa kutetea uteuzi wake mbele ya watu ambao hawakuufanya.

4.0 Hali ya Tanzania

Historia ya elimu ya juu nchini ilielekea upande mwingine. Chuo kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, na kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, kililelewa katika falsafa ya kwamba taifa ndilo linalopanga. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 somo la maendeleo lilikuja kuwa la lazima kwa wanafunzi wa fani zote. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliondoa utaratibu wa kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu, likataka kwanza uzoefu wa kazi na pendekezo la chama. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, lakini ulikuwa umekiri jambo moja la msingi: mtu mzima mwenye kazi huja chuoni na maswali ambayo kijana hana.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Chamazi, kusini mwa Mbagala. Eneo hilo la Uzaramoni limegeuka kutoka mashamba kuwa makazi, na miongoni mwa waliohamia ni familia zilizoondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari. Mwalimu huyu anataka kuelewa jinsi uhamaji huo ulivyobadili lugha, umiliki wa ardhi na ujirani. Swali lake linahitaji isimujamii, historia ya Dar es Salaam, jiografia ya miji na sehemu ya sheria ya ardhi. Hakuna idara moja inayoweza kumjibu, ilhali kozi zote anazohitaji ni za aina inayofundishwa katika vyuo vya jiji hilohilo.

Masharti ya 3.0 yanamwangukia vipi? Akiweza kupata saa 15 kwa wiki katika wiki 48 za mwaka, atafikisha saa 720, na saa 3,600 zitamchukua miaka mitano. Akipata saa 10, itakuwa miaka saba na nusu. Katika hali hiyo kozi moja iliyochaguliwa vibaya ni miezi kadhaa ya usiku aliyojinyima. Mwanafunzi wa bweni akikosea huambiwa na wenzake wa darasani. Mwanafunzi wa Chamazi, ambaye hulazimika kupanda daladala hadi Kinondoni ili aonane na mshauri, anaweza kugundua mwaka wa mwisho kwamba krediti zake zimetimia lakini sharti la ngazi halijatimia.

Ugumu huo huzidishwa na lugha. Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1970, imeonyesha kwamba taaluma ya chuo kikuu inaweza kufundishwa kwa Kiswahili, lakini kanuni za kuhitimu zimeendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Pale zinapoelezwa kwa mdomo, maneno sifa, mahitaji na masharti hutumika kana kwamba ni visawe. Inafaa yatenganishwe. Sifa ni alichonacho mtu kabla ya kuingia, mahitaji ni kinachomwezesha kusoma, na masharti ni asichoweza kuhitimu bila kukitimiza. Anayedhani kuwa sharti ni hitaji tu hulichukulia kuwa jambo la kusaidiwa au kusamehewa.

Lipo pia pingamizi la haki ambalo halipaswi kupuuzwa. Mwajiri husoma jina la shahada. Mwalimu wa sekondari nchini huandaliwa kwa masomo mawili ya kufundishia, na shahada isiyoyataja wazi inaweza kumnyima mwenyewe nafasi aliyoitarajia. Pingamizi hili halibatilishi utaratibu, ila linaongeza wajibu: mpango wa mwanafunzi hauna budi kutaja, tangu siku ulipoidhinishwa, masomo makuu yatakayoandikwa katika cheti na kazi ambazo shahada hiyo haitamfungulia.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba shahada ya mpango wa mwanafunzi haina masharti machache kuliko shahada ya kawaida. Kiasi na ngazi hubaki vilevile. Mshikamano na kipimo cha mwisho, ambavyo kwa kawaida hubebwa na idara kimyakimya, huwa wajibu wa mwanafunzi na lazima viandikwe. Kutokana na hayo inapendekezwa kwamba chuo kitakachoanzisha utaratibu huu kiandae kanuni zake kwa Kiswahili sambamba na Kiingereza, kidai mpango ulioandikwa kabla ya theluthi ya kwanza ya krediti kukamilika, na kifanye ukaguzi wa ngazi kila mwaka badala ya kusubiri mwaka wa mwisho. Kuhusu istilahi, Baraza la Kiswahili la Taifa na wanaisimu wa vyuo vikuu wanaweza kuanza na maneno matatu yaliyojadiliwa hapa: mpango, mshikamano na sharti.